Kabla Hujagusa Chupa ya Gesi

Mjukuu wangu,

Jana usiku uliponipigia kutoka Walikale simu ilikatika mara tatu, lakini swali lako nililisikia vizuri: "Babu, klima ya huyu mzee inapuliza, ila haipozi. Niongeze gesi?" Sikukujibu pale pale. Nilikuambia izime, ukalale, nitakuandikia. Swali hilo hilo nami nilimuuliza bwana aliyenifundisha kazi hapa Goma mwaka 1983, naye hakunijibu ndiyo wala hapana. Aliweka kiganja chake kwenye mgongo wa frigo, akaniambia niweke na changu pembeni. "Unasikia nini?" Nikasema nasikia joto. "Hilo joto limetoka wapi?" Sikujua. Ilipita miezi miwili kabla hajaniruhusu kushika chupa ya gesi.

Wewe huna miezi miwili. Una mteja anayetoka jasho, na una jina changa ambalo mtu mmoja asiyeridhika anaweza kulichafua kutoka Mubi hadi Njingala. Basi sikiliza kama vile tumekaa wawili mlangoni pa karakana, mvua inanyesha, na hakuna anayetuharakisha.

Mashine ya baridi haitengenezi baridi. Hakuna kitu kiitwacho baridi kinachoweza kutengenezwa kikamwagwa chumbani kama maji. Kuna joto tu, na mashine ni mbebaji wa joto. Umekulia kwenye barabara ya Sake, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, umeziona maisha yako yote. Chukudu inapakiwa makaa na kabichi huko juu Masisi, inateremka, inafika sokoni Goma, inapakuliwa, inarudi tupu kupakiwa tena. Gesi iliyo ndani ya bomba ndiyo chukudu. Koili ya ndani ni mahali pa kupakia: pale gesi inachemka ikiwa baridi, na kwa kuchemka inalibeba joto la chumba. Kompresa ni yule kijana anayesukuma, jasho likimtiririka. Koili ya nje ndiyo soko, ambako mzigo unashushwa hewani. Baada ya soko, kibomba chembamba tunachokiita kapilari kinaipunguzia gesi shinikizo, inapoa, inarudi kupakia.

Ukiishika picha hiyo, swali lako linageuka. Huulizi tena kama gesi inatosha. Unauliza chukudu imekwama wapi. Labda mzigo haufiki mahali pa kupakia, kwa sababu chujio limeziba na hewa ya chumba haipiti. Labda soko limefungwa, koili ya nje imejaa uchafu na joto halina pa kushukia. Labda msukumaji ana njaa, yaani umeme ni dhaifu. Au labda chukudu zenyewe ni chache, gesi imevuja. Vijana wote wanaikimbilia hiyo ya mwisho. Katika miaka yangu ya kazi ndiyo niliyoikuta mara chache kuliko zote, na ndiyo iliyolipiwa mara nyingi kuliko zote.

Kwa hiyo utakaporudi kwa yule mzee usifungue begi. Salimia vizuri, kaa unapokaribishwa, na umuulize mama wa nyumba, si baba peke yake, maana yeye ndiye anayeshinda na ile mashine. Ilianza lini? Ilishindwa siku moja, au ilidhoofika kidogo kidogo? Inashindwa mchana tu, au na usiku? Nini kilibadilika nyumbani: jenereta nyingine, bati jipya, jiko la makaa lililosogezwa karibu? Iliyokufa ghafla mara nyingi ina ugonjwa wa umeme. Iliyodhoofika polepole ina uchafu, au ina tundu. Inayopoza usiku na kushindwa saa nane mchana huenda haina ugonjwa wowote, imezidiwa na nyumba. Mama wa nyumba akikujibu maswali hayo, nusu ya kazi imekwisha na hujatumia hata bisibisi.

Kisha shika rimoti. Usione aibu kuanza hapo. Mtoto akiichezea akaacha alama ya feni badala ya alama ya theluji, mashine itapuliza mpaka asubuhi bila kompresa kuwaka. Niliwahi kusafiri siku nzima kwa ajili ya kitu hicho.

Halafu chujio, na hapa nataka ukae, usipite haraka. Walikale si Goma. Huko kuna vumbi jekundu la barabara, kuna moshi wa jikoni, na kuna unyevu wa msitu unaovigandisha hivyo viwili vikawa tope kavu juu ya wavu. Fungua kifuniko, toa chujio, liinue mbele ya dirisha. Kama huoni mwanga kupitia wavu, umempata mgonjwa wako. Osha kwa maji baridi na sabuni, anika kivulini, lisirudi likiwa na maji. Wakati linakauka, tazama koili iliyokuwa nyuma yake kwa tochi. Wengi huosha chujio na kusahau koili, kumbe kuvu na utando wa uchafu vimeota katikati ya mapezi ya alumini. Tumia brashi laini, piga kwa kufuata mapezi, usiyakate njia, maana yanalala kama majani na yakilala hewa haipiti tena.

Ukikuta barafu kwenye koili hiyo, usifurahi, na usimwache mteja afurahi. Barafu si dalili ya baridi nyingi. Mara nyingi ni dalili kwamba joto la chumba halifiki kwenye koili, basi unyevu unaganda juu yake, barafu inaizuia hewa zaidi, na chumba kinazidi kuchemka huku mashine imevaa koti jeupe. Chanzo chaweza kuwa uchafu, feni inayozunguka kwa uvivu, au gesi pungufu. Zima kompresa, acha feni peke yake ipulize mpaka barafu iyeyuke yenyewe. Usikwangue kwa kisu. Bomba lililo chini ya barafu ni jembamba, na ukilitoboa umejitengenezea ugonjwa ambao haukuwepo.

Tazama pia maji yanayotoka kwenye bomba la nje. Watu wanadhani ni kasoro, wanakuita uyazuie. Waeleze. Mwaka 1902, huko Brooklyn, Marekani, kijana mhandisi jina lake Willis Carrier alibuni mtambo ambao ndio babu wa klima hizi, na hakuubuni kwa ajili ya watu kustarehe. Ulikuwa wa kiwanda cha uchapaji ambamo unyevu wa hewa ulikuwa ukiitanua na kuikunja karatasi mpaka rangi hazilingani. Tangu siku ya kwanza, kazi ya mashine hii ilikuwa kukausha hewa sawa na kuipoza. Kugeuza mvuke wa hewani kuwa lita moja ya maji kunaitaka mashine ibebe joto sawa na lile ambalo pasi ya wati 1,000 inalitoa kwa dakika 40. Sasa fikiria nyumba ya Walikale, msitu pande zote, milango wazi, nguo mbichi zimeanikwa sebuleni. Sehemu kubwa ya nguvu inaishia kwenye ndoo inayokinga maji hayo. Klima inayotiririsha maji vizuri lakini kipimajoto hakishuki mara nyingi ni nzima, ila inakausha hewa ya kijiji kizima kupitia nyufa za mbao.

Ndiyo maana lazima uitazame nyumba kabla ya kuilaumu mashine. Bati tupu bila dari linachoma kama sufuria iliyofunikwa. Ukuta wa mbao wenye mianya unaingiza hewa nzito ya nje kila upepo unapovuma. Klima ndogo ya BTU 9,000 inatosha chumba cha kulala kilichofungwa vizuri, haitoshi sebule ya bati. Hapo fundi mwaminifu anamwambia mteja: Mzee, weka dari kwanza, hata ya mikeka, ziba mianya, weka pazia zito upande wa jua la alasiri, halafu uniite tena. Utapoteza malipo ya siku hiyo. Nakuomba uyapoteze.

Toka nje sasa. Huko kwetu watu wanaogopa wezi, na wana haki ya kuogopa, lakini woga huo unaua mashine nyingi. Wanaijengea koili ya nje sanduku la mbao au kibanda cha matofali chenye tundu dogo, kisha wanapiga kufuli. Mashine inatoa joto, joto linagonga ukuta, linarudi, linavutwa tena. Ni chukudu inayofika sokoni ikakuta lango limefungwa, inarudi na mzigo ule ule. Waambie wajenge kizimba cha nondo chenye nafasi, hewa iingie nyuma na itoke mbele bila kurudi. Frigo za ndani nazo ni hivyo hivyo. Mama anaipenda frigo yake, anaivalisha kitambaa cha kufuma na kitenge mpaka mgongoni, kisha anaibana kwenye ukuta. Mgongo ule ndio pua yake. Acha shubiri moja kati yake na ukuta, na kitambaa kibaki juu tu, kisishuke nyuma.

Umeme nao una mambo yake. Klima ya BTU 12,000 ikishatulia inakula kama wati 1,000 au zaidi kidogo, lakini kompresa inapoamka inavuta mkondo wa mara kadhaa ya huo kwa kitambo kifupi. Jenereta ndogo inayowasha taa na televisheni bila shida inapiga magoti hapo. Kompresa inanguruma, haizunguki, inapata moto, kinga yake ya joto inakata, inapoa, inajaribu tena. Mteja anasikia feni tu na kusema inapuliza haipozi. Usipime volti mashine ikiwa imezimwa, maana zitakudanganya. Pima wakati ule ule kompresa inapojaribu kuamka. Kama 220 inaanguka hadi 170, gesi haina kosa lolote. Tazama pia kapasita. Iliyovimba kichwa imekufa, na ni kipuri cha bei ndogo. Izime njia ya umeme na uitoe chaji kabla ya kuigusa, kwa sababu kapasita inahifadhi umeme hata waya ukiwa umechomolewa, na sitaki kuletewa habari zako kwa simu ya mtu mwingine.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo fikira ziende kwenye gesi. Na hapo nina jambo la kukuambia ambalo sikukuambia ulipokuwa mdogo.

Kulikuwa na kituo kimoja cha afya katika milima ya Masisi ambacho kiliniita kuitazama frigo ya chanjo. Nilipanda pikipiki, nikafika, nikakuta baridi imepungua. Nikaongeza gesi, frigo ikapoza, wakanishukuru, wakanipa jogoo. Miezi minne baadaye wakaniita tena. Nikaongeza tena. Safari ya tatu mvua ilikuwa imeporomosha mlima juu ya barabara, nikachelewa siku sita. Nilipofika, pastili za kuonyesha joto zilizo kwenye vichupa vya chanjo zilikuwa zimegeuka rangi zote. Ilikuwa siku ya chanjo. Akina mama walikuwa wameteremka kutoka vijiji vya mbali, watoto mgongoni, na muuguzi mkuu alikuwa amesimama mbele yao akiwaambia warudi nyumbani. Hakunilaumu hata kwa neno moja.

Usiku ule nilikaa na tochi na povu la sabuni, nikapaka kila kiungo. Povu likapumua mahali ambapo bomba lilikuwa likisuguana na fremu. Na pale palikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi. Doa hilo nililiona siku ya kwanza kabisa. Nililifuta kwa kitambaa ili mashine ionekane safi.

Gesi haiishi kama petroli, mjukuu wangu. Mashine ikiwa nzima, inaweza kuzunguka mle ndani miaka 20 bila kuhitaji kuongezwa. Ikipungua kuna tundu, na mafuta ya kompresa yanatoka na gesi na kuacha doa mahali hapo. Usilifute doa. Lifuate. Ziba tundu, badilisha kikaushio, vuta hewa yote kwa pampu, ndipo ujaze, na ujaze kwa mizani kama kibandiko kinavyosema. Frigo ndogo ya R-600a inabeba gramu chache sana, mara nyingi hazifiki 60. Huwezi kuzikisia kwa sikio wala kwa kugusa bomba.

Nimeandika hayo kwa sababu ulisema ofisi ya zone ya afya imekuomba uzitazame frigo za chanjo. Hiyo ndiyo kazi iliyonikosesha usingizi, si klima ya yule mzee. Mteja wa klima akikosa baridi, analala na dirisha wazi. Territoire ya Walikale ina zone za afya nne, Walikale yenyewe, Kibua, Itebero na Pinga, na Masisi ina zake, Masisi, Mweso, Katoyi na Kirotshe. Katika vituo vingi vya zone hizo, kati ya kichupa na joto la nje kuna frigo moja tu. Chanjo inakaa kati ya digrii 2 na 8. Iliyokufa kwa joto haina harufu, na maji yake yanaweza kuonekana yale yale. Mtoto akichomwa hiyo, mama anarudi nyumbani akiamini mwanawe amekingwa. Unakumbuka surua ya 2019? Nchi nzima waliodhaniwa kuugua walipita 300,000, na kufikia Januari 2020 waliokufa walikuwa wamepita 6,000, wengi wao watoto wadogo. Sababu zilikuwa nyingi, vita, umbali, umaskini. Frigo iliyopuuzwa isiwe mojawapo kupitia mikono yako.

Sasa zingatia tofauti ya milima na msitu, kwa sababu utatumwa pande zote mbili. Walikale adui ni joto. Masisi adui ni baridi yenyewe. Watu hawanisadiki nikisema hivyo. Kule juu usiku unatetemesha, jibini la Masisi linakaa vizuri kwenye chumba cha mbao bila mashine. Frigo ya zamani yenye kitufe cha kuzungusha kwa mkono ikiwekwa kwenye chumba cha namna hiyo haina joto la kubeba. Muuguzi anaona mchana kipimajoto kimefika 9, anahofu, anazungusha kitufe mpaka mwisho. Usiku jua limetoweka, chumba kimekuwa baridi, mashine inaendelea kusukuma, na kabla jogoo hajawika chanjo zilizo karibu na ukuta wa ndani zimeganda. Asubuhi zimeyeyuka, kila kitu kinaonekana sawa.

Chanjo ya surua inavumilia kuganda. Pentavalenti haivumilii, ile inayomkinga mtoto na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib. Chanjo ya pepopunda ya mama wajawazito haivumilii pia. Na ile pastili ya rangi iliyo kwenye kichupa inaonyesha joto tu, haijui kuganda. Muuguzi anajua jaribio la kutikisa, anakilinganisha kichupa anachokishuku na kingine cha toleo lile lile kilichogandishwa makusudi, anaangalia kipi kinatua haraka. Hiyo ni kazi yake, usimwingilie. Kazi yako ni kukisoma kile kifaa kidogo cheupe kinachorekodi joto ndani ya frigo. Wengi wanatazama namba ya leo tu. Rudi nyuma siku kwa siku, tafuta usiku uliokwenda chini ya sifuri. Mashine inakumbuka yaliyotokea watu wakiwa wamelala. Kisha mwombe muuguzi asikiguse kitufe mchana. Kama ni kukirekebisha, akirekebishe kwa kusoma namba ya alfajiri.

Frigo mpya zinazoletwa siku hizi zinatumia jua moja kwa moja, hazina betri. Zinahifadhi baridi kwenye barafu au maji yaliyo ukutani mwake, na zimetengenezwa zivumilie angalau siku tatu bila jua. Ukikuta mojawapo haipozi, usianze na mlango wake. Panda juu ya paa. Huko Walikale mti unakua haraka kuliko ripoti inavyofika ofisini, na kivuli cha tawi moja la parachichi kwenye kona ya paneli kinaweza kukata umeme mwingi kuliko ukubwa wake. Sisi tuko kusini kidogo tu mwa ikweta, paneli zinalala karibu bapa, lakini ziachwe na mwinamo ili mvua izioshe, zilizolala kabisa zinakusanya majani na kinyesi cha ndege. Halafu fuata waya kwa mkono, hatua kwa hatua, kutoka paa hadi frigo. Mara nyingine utakuta umetobolewa katikati ili kuchaji simu, au taa ya nyumba ya jirani. Usipige kelele. Mlinzi asiyelipwa miezi mingi na aliyepata mahali pa kuchaji si mhalifu. Kaa naye, mwonyeshe ule mstari wa joto kwenye kifaa cheupe, mweleze saa aliyochaji na saa joto lilipopanda. Nimeona mlinzi mmoja akiukata waya ule kwa mkono wake mwenyewe baada ya kuonyeshwa.

Jambo la usalama, na hili ulitii hata kama utasahau mengine. Wewe ni mtoto wa huku, unajua mazuku. Unajua kwa nini hatuwaachi mbuzi wala watoto walale kwenye mabonde fulani kati ya Goma na Sake: hewa nzito inatoka ardhini, inatulia bondeni, haionekani, inaua. Gesi za frigo ni nzito kuliko hewa vilevile. R-600a na R-290 zinashika moto, na zikivuja kwenye chumba kilichofungwa zinatulia sakafuni, pale pale mama alipoweka jiko lake la makaa. Zile zisizoshika moto zinafukuza hewa ya kupumua. Basi kabla hujafungua bomba, fungua mlango na dirisha, ondoa kila moto, na usiunge kwa moto bomba ambalo halijatolewa gesi yote. Usilale chumba kimoja na chupa inayovuja.

Gesi isiyoshika moto, kama R-22 na R-410A, usiimwage hewani kwa sababu ni rahisi. Kilo moja ya R-410A inaipasha dunia kama kilo 2,000 na zaidi za hewa ya ukaa. Makubaliano ya kuzipunguza gesi za aina hiyo yalipitishwa hapo jirani, Kigali, mwezi wa kumi 2016, na siku zinakuja ambapo fundi asiyejua kuirudisha gesi kwenye chupa hatapewa kazi.

Kuna kitu kimoja cha milimani ambacho vitabu havitakuambia, kwa sababu waliviandika watu wanaokaa karibu na bahari. Ukiwa Masisi ukivuta hewa kwa pampu, mshale wa geji hautafika −1 bar. Utasimama karibu na −0.8 na kukataa kuendelea. Kijana mmoja niliyemfundisha aliirudisha pampu yake Goma akidhani imeharibika. Pampu ilikuwa nzima. Huko juu hewa yenyewe ni nyepesi, uzito wake unaotubana ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani, kwa hiyo hakuna zaidi ya kuvuta. Hewa hiyo nyepesi inabeba joto kidogo pia inapopita kwenye koili ya nje, kwa hiyo usiiache koili hiyo ikiwa chafu hata kama kule juu ni baridi.

Kuhusu malipo. Utasikia mafundi wakisema kwamba mteja hawezi kulipia kuoshwa kwa chujio, lazima umwonyeshe chupa ya gesi ili aone kazi. Nilikwisha sema hivyo mimi pia nikiwa na umri wako, nikiwa na kodi ya kulipa. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipoizika karakana niliyofanyia kazi, nilibaki na bisibisi mbili na geji moja. Walionirudisha kwenye kazi hawakuwa wale niliowauzia gesi. Walikuwa ni watu wawili, watatu, ambao niliwahi kuwaambia ukweli wa bei ndogo. Dai malipo ya safari yako na ya macho yako, yataje wazi kabla ya kuanza, na ukiosha chujio sema umeosha chujio. Mwonyeshe mama wa nyumba jinsi ya kuliosha mwenyewe kila baada ya wiki mbili. Hatakuita tena kwa jambo hilo, atakuita kwa mengine.

Tangu mapigano yalipofika Walikale-centre mwezi wa tatu 2025, hakuna anayejua kipuri kutoka Goma kitafika lini, au kama kitafika. Kosa la kuhukumu mashine vibaya lilikuwa la siku mbili, sasa laweza kuwa la miezi. Hivyo nimemkabidhi kijana wa pikipiki kifurushi. Kuna brashi mbili laini, sabuni, povu la kutafutia matundu, kapasita tatu za namba tofauti, na vipimajoto viwili vilivyolingana. Nimevijaribu pamoja ndani ya maji ya barafu.

Ukifika kwa yule mzee, iache klima iwake robo saa milango ikiwa imefungwa. Kipimajoto kimoja kiweke pale hewa inapoingia, kingine pale inapotoka. Tofauti ikiwa digrii 8 hadi 12, mashine ni nzima na nyumba ndiyo inayohitaji fundi, wa mbao. Ikiwa 3 au 4, kuna kazi. Andika namba zote mbili kabla hujaosha chochote, kisha uoshe ndani na nje, upime volti kompresa ikiamka, usubiri robo saa nyingine, uandike tena. Unisomee zote nne. Piga jioni baada ya saa kumi na mbili, simu yangu itakuwa mkononi.

Chupa ya gesi sikuiweka kwenye kifurushi.